Chumvi Irudi Jikoni

Wauzaji wa tiba ya chumvi wanasema: keti dakika 45 katika chumba cha chumvi, vuta pumzi, na pumu itatulia, kwa kuwa hii ni tiba ya asili isiyo na madhara.

Asili gani? Katika vyumba vingi kuna mashine inayosaga chumvi na kuipuliza hewani. Na hata ingekuwa ya asili, asili si usalama: sumu ya nyoka, je, imetoka kiwandani?

Wanatutajia Wieliczka, Polandi, ambako daktari Feliks Boczkowski alianza kutibu wagonjwa penye mgodi wa chumvi mwaka 1839. Ukongwe si ushahidi. Enzi hizo madaktari wa Ulaya walitibu hata kwa ruba. Kama hewa ya chumvi ingetosha, Zanzibar pasingekuwa na mwenye pumu.

Dai bovu kuliko yote ni hilo la kutokuwa na madhara. Hospitalini, mvuke wa maji yenye chumvi kali hutumika kupima pumu, kwa sababu hubana njia za hewa za mgonjwa. Kinachochokoza ugonjwa mbele ya daktari, wao wanakiuza kama dawa!

Mwenye pumu, usiache dawa yako ya kuvuta. Mapafu si mchuzi.