Msiwape watu wa skrepa gari la marehemu kabla hamjafungua boneti

Nimerudi chuo salama, chumba kile kile, watu wawili kwenye karatasi na wanne kwenye vitanda. Mbebwa wangu hakuniuliza hata nyumbani hawajambo, aliuliza kwanza mikono yangu imefanyaje. Kweli kucha zina weusi ambao hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Nikamwambia nilikuwa natengeneza gari. Akacheka mpaka akakaa chini. Mwalimu mtarajiwa wa Kiswahili na Historia, mtoto wa kike, gari gani? Basi leo nataka kusema nilichonacho moyoni kuhusu hilo gari, maana nimeshachoka kulielezea kwa mtu mmoja mmoja kwenye foleni ya wali.

Kwetu ni Njombe vijijini, huko ambako mwezi wa saba maji ya kwenye ndoo yanaamka na ngozi ya barafu. Nyuma ya jiko letu kulikuwa na Land Rover Series III, pikapu, ile ndefu ya 109. (Hiyo 109 ni inchi, umbali wa kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kama mita 2.77. Nilikuwa sijui, nilidhani ni toleo.) Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Yetu ni ya petroli, silinda nne, sisi 2286. Babu aliinunua mnadani, baba akairithi ikiwa bado na nguvu zake. Baba alifariki 2011, mimi nikiwa darasa la pili. Gari likabaki pale pale alipoliegesha. Hakuna aliyesema lisiguswe. Ila hakuna aliyeligusa pia. Miaka kumi na minne kuku wametaga kwenye siti ya dereva na sisi tukaenda kuokota mayai kama vile hilo ndo lilikuwa kazi yake.

Likizo ndefu ya 2025 nafika nyumbani nakuta baba mdogo ameshaongea na watu wa skrepa. Laki saba. Wangekuja Jumatatu na winchi. Na mimi nitasema ukweli, sikupinga kwa sababu za mapenzi. Nilipinga kwa sababu mama alikuwa na viazi vya vinyungu bondeni, na kila gunia linapandishwa mpaka barabara kubwa kwa bodaboda, na nauli hiyo ndo faida yenyewe. Ukishindwa nauli unamsubiri mnunuzi aje shambani na magunia yake ya lumbesa, yale yenye kilemba, anajaza mpaka yanapasuka halafu analipa kama gunia moja. Atakubali vipi kupunguza wakati anajua huna usafiri? Nikamwambia baba mdogo, nipe wiki tatu. Akasema wewe umesomea ualimu. Nikasema ndiyo, na ualimu ni kujifunza kwanza. (Hapo nilijibu tu jeuri, sikuwa na hoja.)

Sasa wazo langu ni hili: watu wengi wanauza gari bovu kwa sababu hawajawahi kuliangalia, wanaona majani yaliyoota kwenye mabega wanasema limekufa. Land Rover hizi bodi yake karibu yote ni aluminiamu, kwa sababu zilipoanza kutengenezwa 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Aluminiamu haiozi kama bati. Na ndo maana watu wa skrepa wanazipenda sana, aluminiamu bei yake iko juu kuliko chuma, hiyo hawakwambii. Kinachooza ni chasisi. Kwa hiyo kabla hujauza lala chini, shika nyundo ndogo, gonga chasisi toka mbele mpaka nyuma. Ikilia ngaa, una gari. Ikilia kama boga, au nyundo ikazama, hapo chukua laki saba zako na mimi sitakulaumu. Ya kwetu ililia ngaa isipokuwa sehemu moja karibu na mahali springi ya nyuma inaposhika, ambayo imechomelewa.

Tuna jirani, mzee, zamani alikuwa dereva wa serikali, magari haya kayaendesha mpaka yakamzeesha. Tatizo mikono yake inatetemeka siku hizi, hawezi kushika spana. Akaja akaketi kwenye kigoda, akafunga koti, akaniambia, "Haya binti yangu, mimi ni macho, wewe ni mikono." Wiki tatu nzima hivyo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutowasha. Nilitaka nifunge betri nipige selfu nione. Mzee akakataa kabisa. Injini iliyolala miaka kumi na minne pistoni zinaweza kuwa zimeshika ukutani, ukilazimisha na selfu unavunja ringi. Tukatoa plagi zote nne, tukamimina oili kidogo kila tundu, tukaiacha siku tatu. Siku ya nne tukaweka gia huru nikachomeka hendeli mbele na kusukuma taratibu. Hapo nikajifunza kitu ambacho natamani kingekuwa kwenye kitabu: hendeli unaishika dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe. Injini ikirudisha nyuma ghafla inakuvunja dole au kiwiko. Mzee alinionyesha kidole chake kilichopinda, hakueleza zaidi.

Ikazunguka. Nzito kama jiwe la kusagia, lakini ikazunguka. Nilipiga kelele mama akatoka jikoni na mwiko akidhani nimeumia.

Mengine napita haraka. Kwenye chujio la hewa kulikuwa na ukoo mzima wa panya na mapumba ya mahindi. Tangi lilikuwa na petroli iliyogeuka kitu kama vanishi, inanuka vibaya, na kutu chini, kwa hiyo tukaliacha kwanza, tukatumia kidumu cha lita tano juu ya bega la gari na mpira mpaka kwenye kabureta. Mama alisimama na ndoo ya mchanga muda wote, na alikuwa sahihi. Pointi za distribyuta zilikuwa na ukungu, nikazisugua kwa msasa laini na kupima nafasi, kama nusu milimita kasoro kidogo. Moto ukaonekana kwenye plagi, mweupe wa buluu. Nikarudisha waya za plagi. Tukaazima betri ya jirani mwenye sola.

Piga selfu. Paa! Moto ukatoka mdomoni mwa kabureta, nyusi zangu zikanuka. Piga tena. Paa! Watoto waliokuja kuangalia wakakimbia, kisha wakarudi wakiwa wengi zaidi. Baba mdogo alikuwa amesimama ukutani, hakusema kitu, ila uso wake ulisema laki saba.

Siku mbili hatukujua kosa. Mzee aliniuliza faya oda umeipanga vipi, nikasema moja, tatu, nne, mbili, kama ulivyoniambia. Akasema basi ni sawa. Siku ya tatu nilikuwa nasafisha boneti kwa ndani na kitambaa, kutafuta tu cha kufanya, nikakuta maandishi yamekwaruzwa kwa msumari. 1 3 4 2. Chini yake mshale uliopinda, unazunguka kwa kushoto. Mwandiko wa baba, nne yake yenye mguu mrefu, ile ile iliyopo nyuma ya picha zetu za ubatizo.

Mshale, wadau. Rota ya distribyuta ya injini hii inazunguka kinyume na saa, na mimi nilipanga waya kwa mwendo wa saa. Ukifanya hivyo namba moja na nne zinakaa mahali pake kwa bahati, lakini mbili na tatu zimebadilishana, kwa hiyo plagi inapiga moto wakati vali ya kuingiza iko wazi, na moto unatoka ulikoingilia. Nilibadilisha waya mbili tu. Mzee alikuwa ameniambia namba, hakuniambia upande, kwa sababu kwake upande ni kitu kilichomo mikononi, hakukumbuka kwamba mtu anaweza asiujue.

Iliwaka mara ya pili ya selfu. Moshi mweupe ukafunika jiko, kuku wakatawanyika, mlio ukawa wa kukohoa halafu ukanyooka. Babu alikuwa ndani, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Akatoka akipapasa ukuta, akauliza kwa sauti, "Amekuja nani?" Hakuna aliyemjibu. Mama aliweka ndoo ya mchanga chini akaingia jikoni, akakaa huko kitambo.

Sasa niwaambie wenzangu wa elimu, hasa mnaojiandaa kwenda mafunzo ya vitendo mashuleni. Tumekariri Vygotsky, mtu aliyefariki 1934, kwamba mwanafunzi anafika mbali zaidi akishikwa mkono na anayejua. Tumekariri kwenye noti za kunakili, tukaandika kwenye mtihani, tukapata B. Mimi nilielewa maana yake nikiwa chini ya gari. Mzee yule alinifundisha vizuri kwa sababu mikono yake ilimkatalia kufanya mwenyewe. Angekuwa mzima angeninyang'anya spana dakika ya tano, ningebaki mshika tochi na mleta chai, kama wasichana wote wanavyokuwaga gereji. Ni mara ngapi sisi walimu tunamnyang'anya mtoto chaki kwa sababu anachelewesha kipindi? Na lile kosa la upande pia ni letu sisi: unafundisha namba, unasahau mshale.

Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea Machi 1967. Mtaala mpya ulioanza kuingia mashuleni 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Mimi naunga mkono, lakini nasikia kila mtu analia hakuna karakana, hakuna vifaa. Ni kweli, na serikali ilete, sisemi isilete. Ila karibu kila kijiji kwetu kina gari moja juu ya mawe na mzee mmoja anayelijua. Wakati tunasubiri karakana, kwa nini hao wawili tuwapeleke kwenye mzani wa skrepa? Mtu ataniambia magari ya leo ni ya kompyuta, ya kale hayamfundishi mtoto kitu. Sikubaliani. Moto, hewa, mafuta, mgandamizo, hivyo havijabadilika, na kwenye injini hii unaviona kwa macho.

Msinielewe vibaya kwamba nimekuwa mpenzi wa magari ya maonyesho. Najua Arusha Oktoba 2024 walikusanya Land Rover kwa tamasha, zimeng'arishwa, watalii wanapiga picha. Hongera zao. Yetu ina rangi tatu na mlango mmoja umefungwa kwa waya. Na wanaosema gari kukuu litakula hela, hawajakosea. Limekula. Laki moja na themanini ilikuwa bumu yangu niliyobana muhula mzima kwa kula mara moja kwa siku, na mama aliuza nguruwe. Breki peke yake ndo zilichukua nusu ya yote, maana raba za masta silinda na za kwenye magurudumu zilikuwa zimegeuka kama lami. Mama alisema wazi: liwake lisiwake, halitoki uani bila breki. Baba mdogo alitaka tulijaribu kwa gia ndogo tu mpaka barabarani. Tuligombana hapo, kweli kweli, na nilimjibu vibaya mtu ambaye ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano. Nimemwomba radhi. Lakini kwenye breki sikurudi nyuma na sirudi. Gari lisilowaka linakaa tu, lisilosimama linaua, na mwisho yeye mwenyewe ndiye alienda Makambako kutafuta hizo raba, akarudi nazo usiku, akalala chini na mimi tukatoa upepo, yeye anakanyaga pedeli, mimi nafungua nati.

Mzee ndiye aliyekaa kushoto siku ya kwanza. Kijiti chekundu nyuma, gia ya kwanza, tukapanda kilima cha bondeni na magunia manne. Manne tu, chasisi ile sikutaka kuibebesha zaidi. Mnunuzi aliyekuwa barabarani alitaka kuongeza kilemba, mama akamwambia basi tunashusha sokoni. Akaacha.

Usajili bado, namba zake ni za zamani na hilo ni shughuli nyingine, kwa hiyo kwa sasa ni gari la shambani tu, halikanyagi lami. Jana baba mdogo ameandika kwamba betri imechoka anatumia hendeli, na breki ya mkono haishiki vizuri kwenye mteremko. Nimemjibu aweke jiwe nyuma ya tairi mpaka nifike likizo, na dole gumba asilizungushe.