Mama Kastaafu, Mwacheni Apande Baskeli Yake

Leo tunaweka kando shela na vitambaa. Tunataka kusema na nyie bi harusi, na kila mtoto wa kike mwenye mama aliyestaafu au anayekaribia kustaafu. Na tunaanza kwa kujisema wenyewe, maana kosa tulilifanya sisi.

Mama yetu alikuwa mwalimu wa skuli ya msingi. Alisomesha mpaka akatimiza miaka 60, akapewa kiinua mgongo chake, akafunga virago vyake vya mjini akarudi kwao Jambiani. Kitu cha kwanza alichonunua hakikuwa friji wala makochi. Alinunua baskeli ya mtumba, ya kike, isiyo na chuma cha juu, ina kikapu mbele na kengele.

Sisi watoto tukaja juu. "Mama, wewe bibi sasa! Watu watasemaje?" Ndugu yetu mmoja alikuwa kashaposwa, tukawa tunaogopa mavyaa wake atatuona watu gani. Na tuseme kweli, tulikuwa na hamu na zile pesa pia. Kulikuwa na ukumbi wa kulipia, na keki, na nguo za sare. Mama hakubishana. Aliisogeza baskeli ukutani, akaifunika kanga, pesa nyingine akatupa.

Harusi ikapita, watu wakala, wakasahau. Mama akabaki kukaa barazani. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya watoto kutwa nzima, sasa kazi yake kusubiri adhana na kutupigia simu, "Mnakuja lini?" Magoti yakaanza kumuuma, presha ikapanda. Tukampeleka kwa daktari. Daktari akamuuliza, "Bibi, unafanya mazoezi gani?" Mama akatutazama, akasema, "Waulize hawa."

Wapenzi wetu, hatukuwa na pa kuficha nyuso.

Kinachotuuma zaidi ni kuwa Jambiani baskeli si ajabu. Nendeni Paje, Bwejuu, Makunduchi, mtawaona kina mama na mabuibui yao wanakwenda mwani, wanapeleka watoto skuli, wanakwenda mazikoni, wote juu ya baskeli. Hapana anayegeuza shingo. Aibu ile tuliipakia sisi kwenye daladala kutoka mjini, tukaishusha mlangoni kwa mama.

Wako watakaosema dini hairuhusu. Jamani, kupanda kipando si haramu kwa mwanamke. Mtume (S.A.W.) aliwasifu wanawake wa Kikureshi kuwa ni wabora katika wanawake wapandao ngamia, kwa huruma yao kwa watoto na kwa kuchunga mali za waume zao. Na Bibi Aisha (R.A.) kasimulia kuwa alishindana mbio na Mtume safarini, akamshinda. Baadaye alipokuwa kaongezeka mwili wakashindana tena, Mtume akamshinda yeye, akacheka akamwambia hiyo ni kwa ile ya mwanzo. Kinachotakiwa ni stara, adabu na usalama. Hayo yote yanapatikana juu ya baskeli, na ya stara tuachieni sisi wenye cherehani.

Buibui la kubana chini halifai, goti halipandi na mama ataanguka. Tunamkatia juba pana, tunatia vipande vya pembetatu kila upande kuanzia gotini kushuka, liwe na nafasi bila kupaa ovyo. Upindo tunauishilizia juu kidogo ya kifundo cha mguu usiingie kwenye cheni, na chini yake anavaa suruali pana ya pamba yenye lastiki miguuni. Mikono nayo tunaitia lastiki. Kitambaa kiwe na uzito kidogo, maana chepesi upepo wa pwani unakichukua. Ushungi uwe wa kushonwa, wa kuvaa mara moja, asihangaike na pini njiani. Nguo hiyo mama anaswalia, anakwendea darsa, na anapandia baskeli.

Na baskeli yenyewe mchagulieni ya chini, akikaa kwenye siti miguu iguse ardhi. Breki zijaribiwe kabla hajaipanda, cheni iwe na kifuniko. Asianzie barabara kubwa yenye daladala na bodaboda. Wa mjini watafute uwanja au kichochoro kipana, asubuhi mapema gari zikiwa chache. Na kama mama ana kizunguzungu, macho hayaoni vizuri, au amewahi kuumwa moyo, aanzie kwa daktari kwanza. Hatusemi kila bibi apande. Tunasema anayetaka na anayeweza asizuiwe kwa ajili ya maneno ya watu.

Faida zake si hadithi. Shirika la Afya Duniani linawataka watu wazima, na wazee pamoja nao, watoe jasho kidogo angalau dakika 150 kwa wiki. Ukizigawa ni dakika 25 kwa siku 6, unabakiwa na siku ya kupumzika. Baskeli inamfaa mwenye magoti mabovu kwa sababu uzito unakaa kwenye siti, goti halibebi mwili wote kama kwenye kukimbia. Inasaidia presha na sukari. Ila asiache kutembea kwa miguu, maana mifupa nayo inataka kubebeshwa uzito.

Mama tulimfunulia baskeli yake wenyewe, kwa mikono yetu, tukamwomba radhi. Siku hizi akimaliza kuswali alfajiri na kusoma nyiradi zake, anatazama bahari. Siku za bamvua maji yakitoka, mchanga unakuwa mgumu na mpana, anaendesha taratibu ufukweni na shoga yake waliyesoma pamoja. Hawakimbizi kitu. Wanasimama, wanasalimiana na wanaokwenda mwani, wanapita kumjulia hali mgonjwa, wanarudi na mkate wa ufuta kwenye kikapu. Siku ya darsa baada ya alasiri wanakwenda hivyo hivyo. Akirudi anaisuuza baskeli kwa maji baridi atoe chumvi, anaitia mafuta cheni. Tukimpigia simu sasa, mara nyingine yeye ndiye anayesema, "Nitakupigieni, niko njiani."

Hatusemi presha imekwisha, dawa anameza kama kawaida. Lakini sauti yake imerudi ile ya mwalimu.

Sasa wewe bi harusi unayesoma hapa. Wengi mnakuja dukani kwetu na mama zenu, na tunawasikia mnavyopanga. "Mama kapata pesa zake, tuchukue ukumbi ule mkubwa." Sisi tunashona nguo za harusi, hiyo ndiyo riziki yetu, hatukukatazi kupendeza. Lakini jina lenyewe linasema, kiinua mgongo. Ni cha kuuinua mgongo wa mtu aliyeinama miaka mingi kwa ajili yako, si cha kuinua jukwaa la kukalia saa tatu. Mahari ni haki yako uliyopewa na Mola, hakuna wa kukugusia. Basi na kiinua mgongo ni jasho la mama yako, usimgusie. Ukumbi mdogo watu watakula vile vile.

Na kama ukipenda kumpa mama kitu siku utakayotoka nyumbani, usimpe sare ya tatu. Mpe kitu cha kumtoa nje baada ya wewe kuondoka, maana nyumba itakuwa kimya. Yetu sisi aliinunua mwenyewe, na tukamnyima. Wewe usifanye kama sisi.

Mwenyezi Mungu awape mama zetu afya katika uzee wao, awarehemu waliotangulia, na atujaalie sisi tuwe watoto wa kuwafungulia milango. Amin.