Mtazameni Mdudu wa Chini ya Jiwe Kabla ya Kumlaumu Jirani



Maji ya mito yakipungua, ugomvi wa maji huongezeka katika skimu. Wanaokaa chini husema kuwa wa juu wametia sumu mtoni. Wa juu hujibu kuwa wao huosha mikono tu. Basi huitwa baraza, watu hupaza sauti tangu asubuhi mpaka saa nane, na mwisho hapana aliyeshinda kwa kuwa hapana aliyeleta shahidi. Sisi twasema shahidi yuko, tena yuko mtoni kila siku. Anakaa chini ya jiwe.

Mdudu huyu Waingereza humwita inzi wa mawe, nasi tutamwita hivyo hivyo, ingawa yeye si inzi kabisa. Inzi ana mabawa mawili, na huyu akikua ana manne. Utoto wake wote huupitisha majini, naye hana hatua ya kulala ndani ya kifuko kama kipepeo. Hukua kidogo kidogo na kuvua ngozi kama tunutu wa nzige, na vifuko vya mabawa huonekana mgongoni vikizidi kukua. Siku ya mwisho hupanda juu ya jiwe, ngozi hupasuka, akaruka. Kama umewahi kuona ganda kavu la mdudu limeshika jiwe kando ya maji, huenda ndilo lake.

Namna ya kumtambua si ngumu. Nenda mahali maji yanapokimbia na kutoa sauti juu ya mawe, wala si kwenye kidimbwi kilichotulia. Inua jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto, ligeuze juu ya karai jeupe lenye maji kidogo. Utaona wadudu wakikimbilia upande wa giza. Inzi wa mawe ni bapa, rangi yake kahawia na manjano, urefu wake akiwa mkubwa ni kama sentimita moja na nusu. Ana vipapasio virefu kichwani na mikia miwili nyuma. Hapo wengi hukosea, maana yuko mdudu mwingine afananaye naye ambaye kwa kawaida ana mikia mitatu, lakini aina zake nyingine zina miwili. Kwa hiyo usiamue kwa mikia peke yake. Tazama miguu kwa kioo cha kukuzia: inzi wa mawe ana kucha mbili katika kila mguu, na yule mwingine ana moja. Kisha tazama mahali anapopumulia. Yule mwingine ana matamvua kama majani madogo, yamejipanga ubavuni mwa tumbo. Inzi wa mawe wa mito yetu ana matamvua kama nyuzi za pamba, nayo yako kwapani, pale miguu inapoungana na kifua. Tunutu wa kereng'ende mwembamba pia huwachanganya watu, lakini yeye ana vipande vitatu kama majani nyuma kabisa, na mwili wake si bapa.

Mkiisha kumwona mara mbili tatu hamtamsahau. Watoto wa shule humjua upesi kuliko wazee, nasi hatuoni aibu kusema hivyo.

Katika Afrika ya joto, inzi wa mawe karibu wote ni wa jamii moja ambayo wataalamu huiita Neoperla. Alama yake ni kwamba, mbali na macho mawili makubwa, ana vijicho viwili tu katikati ya kichwa, hali jamii nyingi nyingine zina vitatu. Kwa miaka mingi wataalamu waliwahesabu karibu wote kuwa aina moja, Neoperla spio. Mwaka 1976 mtaalamu Peter Zwick aliandika habari za wale waliotoka katika kijito kimoja cha mlimani Afrika ya Kati, na ikaonekana kuwa jina lile moja lilifunika aina kadhaa. Kuzitenga hutaka kutazama viungo vya uzazi vya dume na ganda la yai kwa darubini. Kazi hiyo tuwaachie wenyewe. Mkulima akijua jamii imemtosha.

Sasa, yatufaa nini? Mdudu huyu hupumua hewa iliyomo majini, na hewa ikipungua hawezi kuvumilia. Utamwona ndani ya karai akiinuka na kushuka kwa miguu kama askari kwenye mazoezi, ili maji yapite kwapani. Tope likijaza nafasi za mawe, hana nyumba. Dawa ya kupe au ya wadudu wa mboga ikiingia, yeye ni wa kwanza kufa. Huko Afrika Kusini wapimaji wa mito huwapa wadudu alama kuanzia 1 hadi 15. Jamaa ya Neoperla wamepewa 12. Jamaa ya wale funza wekundu wa matope wamepewa 2.

Wako wasemao kuwa haya ni mambo ya kitoto, afadhali kupeleka chupa ya maji maabara. Chupa ni njema, hatuikatai. Lakini chupa husema habari za saa ile ilipojazwa. Mtu aliyeosha pampu Jumatatu usiku, maji yake yamekwisha kufika ziwani chupa ikijazwa Alhamisi. Tunutu amekaa pale kwa miezi, na kama amekufa, amekufa.

Wilaya zetu zina sababu ya kuheshimu elimu hii kuliko nyingine. Mwaka 1946 Garnham na McMahon walitia DDT katika mito ya Kodera, ambayo leo iko Homa Bay, ili kumwondoa usubi aletaye upofu, nao walifaulu. Lakini wakati ule hapana aliyejua mabuu ya usubi yule yalikaa wapi. Ilikuwa mwaka 1950 ndipo ilipotangazwa kuwa hushika migongo ya kaa wa mtoni. Twashukuru kwa macho yaliyopona. Hata hivyo kutia sumu mto mzima bila kujua adui amekaa wapi si jambo la kuigwa na mtu mwenye pampu ya lita ishirini mgongoni.

Huku Masara na Macalder kuna jambo la pili, nalo ni dhahabu. Kuosha mchanga hutoa tope jingi, na zebaki hutumika kukamata dhahabu. Tope litamfukuza inzi wa mawe, na mtaliona. Zebaki ni habari nyingine: yaweza kukaa katika matope na samaki huku wadudu wangali wazima, kwa hiyo msitumie mdudu kuitetea. Wala msiyanywe maji bila kuchemsha kwa sababu tu mmemwona. Yeye hajui kipindupindu.

Na kama hayupo, msikimbilie kushtaki. Huenda mahali penyewe ni pa mchanga mtupu, au kijito hukauka kila mwaka. Shauri letu ni kulinganisha. Kamati ya maji ichague sehemu mbili zenye mawe na maji ya kasi sawasawa, moja juu ya josho au ya mahali pa kuoshea pampu, nyingine chini yake. Wa juu na wa chini waende pamoja, mawe kumi huku na mawe kumi kule, na hesabu iandikwe kwenye daftari mbele ya wote. Akiwako juu na chini hayupo, hapo baraza lina neno la kuzungumza, na la kwanza liwe kuhamisha mahali pa kuoshea pampu mbali na ukingo. Wakati mzuri ni Januari na Februari, maji yakiwa machache na safi, kabla ya mvua za masika. Vaeni mabuti, na mkimaliza rudisheni kila jiwe kama lilivyokuwa.