Jini akikupa utakalo, nani atalipa?

Wengi wetu tulimjua jini wa chupa kupitia hadithi za Alfu Lela Ulela. Mvuvi anavua mtungi wa shaba, anaufungua, moshi unapaa juu, na badala ya kumshukuru, jini anaapa kumuua. Hapo mwanzo alikuwa ameapa kumtajirisha atakayemfungua. Alipochoka kungoja, kiapo kikageuka.

Jini huyo hajafa. Amehamia katika mchezo ambao vijana huketi mezani na kuigiza hadithi wanayoitunga pamoja. Kila mchezaji huwa na mhusika wake na humwamulia la kufanya. Mmoja wao huwa msimulizi, ambaye hueleza nchi ilivyo na kuwasemea wahusika wengine wote, majini wakiwamo. Penye shaka, hutupwa dadu.

Mchezo ulioanzisha mtindo huu ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Kitabu chake cha viumbe cha mwaka wa 1977 kilimtaja kiumbe wa moto aitwaye efreeti, jina lenye asili ya Kiarabu kama neno letu afriti. Kanuni zilisema kwamba aweza kulazimishwa kutumika kwa siku 1,001 au kutimiza matakwa matatu. Lakini zilionya kwamba atalishika neno lako jinsi ulivyolitamka, huku akiipotosha nia yako.

Onyo hilo limewaponza wasimulizi wengi. Tuchukue mfano wa wanafunzi wanne ambao wamecheza hadithi moja kwa muhula mzima. Mmoja ni mwindaji, wa pili ni mganga, wa tatu ni binti wa mfalme anayetafuta kiti alichonyang'anywa babake. Wa nne ndiye msimulizi. Siku moja mwindaji anaokota chupa. "Omba utakalo," jini anamwambia. Naye bila kusita anajibu, "Nataka kuwa mfalme wa nchi hii."

Msimulizi ana njia mbili za haraka, na zote mbili ni mbaya. Akimpa ufalme, binti wa mfalme amepokonywa safari ya muhula mzima kwa neno moja la mtu mwingine. Akimtega kwa maneno, amketishe kwenye kiti cha enzi huku ikulu inateketea, watu watacheka siku hiyo. Lakini chupa nyingine ikipatikana, hakuna atakayethubutu kuomba. Au mchezaji atakuja na ombi la kurasa mbili, lenye vifungu kama mkataba wa kununua shamba, na jioni yote iishie kwa mabishano. Urafiki wa watu umevunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

BEI

Watunzi wa kanuni wameujua ugumu huu kwa miaka mingi, nao wamejaribu kuutibu kwa kuweka bei. Katika toleo la 1989, uchawi wa kutimiza matakwa ulimzeesha mwenye kuutumia kwa miaka 5. Katika lile la 2000 ulimgharimu pointi 5,000 za ujuzi wake. Katika toleo la 2014, akiutumia kwa jambo lolote lisilo kuiga uchawi mwingine, kuna uwezekano wa asilimia 33 kwamba hatauweza tena maishani.

Lakini bei zote hizo humwangukia yule anayeomba. Hakuna hata moja inayomuuliza jirani yake.

Mwingereza W. W. Jacobs aliandika mwaka wa 1902 hadithi ya mkono wa nyani uliokauka. Baba mmoja anauomba pauni 200. Fedha zinapatikana, lakini ni fidia ya mwanawe aliyeuawa na mashine kazini. Aliyelipa si aliyeomba, na ndiyo sababu hadithi hiyo inatisha hadi leo. Kitabuni, mwana huyo ni jina tu. Mezani ni mwenzako, ambaye ametoa Jumamosi zake zote kumjenga mhusika wake.

Hali huzidi kuwa ngumu pale meza nyingi zinapotumia ulimwengu mmoja. Kati ya mwaka wa 2000 na 2008 kulikuwa na mpango ulioitwa Living Greyhawk, ambapo maeneo ya dunia yetu yaligawiwa nchi za ulimwengu huo wa kubuni, na mchezaji aliweza kwenda na mhusika wake kutoka meza moja hadi nyingine. Penye mpango kama huo, mfalme anayezuka usiku mmoja kwenye meza hii anawavurugia watu wasiomjua kabisa.

Basi anayetaka kumtumia jini mwovu na afanye nini?

Kwanza, aulize kabla ya kuanza. Katika nyumba zetu nyingi majini si mzaha, ni jambo la imani. Akiwapo hata mmoja asiyependa, chupa na isifunguliwe.

Pili, aweke mpaka: jini haruhusiwi kugusa uhai, mali wala lengo la mhusika wa mtu mwingine mpaka mwenyewe akubali.

Tatu, jini awe na haja yake mwenyewe, na aitamke waziwazi. Katika kanuni za mwaka wa 2003 kuna shetani aitwaye glabrezu, ambaye hudai kitendo kiovu au kafara kubwa kabla ya kutoa. Jini wetu naye amwambie mwindaji, "Ufalme utaupata, ila nionyeshe kwanza kijiji kilichokuficha ulipokuwa ukiwindwa." Sasa uovu umeonekana na hakuna aliyetegwa. Mganga atamsihi mwenzake, binti wa mfalme atadai haki yake, na mwindaji atapima ubinadamu wake mbele ya wote. Jioni kama hiyo haisahauliki upesi.

Nne, lililotolewa na lililolipwa liandikwe daftarini, ili msimulizi wa meza nyingine asije akashtukia nchi ina mfalme mpya.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Mwindaji akiishika tamaa yake baada ya kusikia bei, hiyo ni hadithi yake, na wenzake wataifuata kwa hamu. Lakini mauti yenyewe yasimfikie mwenzake ambaye hakuomba kitu.

Hadi Jumapili ijayo.