Wenye Nchi Wako Wapi?

Jumamosi iliyopita jioni, sisi watumishi wanne wa ofisi moja, pamoja na mwalimu rafiki yetu, tulikwenda kuangalia sinema. Picha yenyewe ilikuwa ile ya zamani iitwayo Casablanca, iliyoongozwa na Michael Curtiz na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi Novemba 1942. Tulifuata starehe, tulirudi na mjadala.

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba sinema ya mapenzi ni upuuzi usiomstahili mtumishi wa umma. Sikubaliani nao. Hadithi ni ya Desemba 1941, wakati sehemu kubwa ya Ulaya imetekwa na Wajerumani. Mmarekani aitwaye Rick ana baa yake mjini Casablanca, Moroko. Usiku mmoja anaingia Ilsa, mwanamke aliyependana naye Paris kisha akamwacha bila maelezo. Safari hii amefuatana na mumewe, Laszlo, mpinzani wa Wanazi aliyetoroka kambi ya mateso. Rick anazo hati mbili za safari. Angeweza kuondoka na mpenzi wake na kumwacha mume akamatwe. Lakini mwishowe, kwenye kiwanja cha ndege, anawapa hati hizo mke na mume, naye anabaki.

Hapo dada mmoja wa masjala alifuta machozi, wala hakuna aliyemcheka. Humphrey Bogart na Ingrid Bergman walitukumbusha, bila hotuba, kwamba utu wa mtu hupimwa kwa kile anachokubali kukiacha. Yeyote aliyewahi kumnyima ndugu yake nafasi ya kazi asiyostahili anaujua uchungu huo.

Hata hivyo, imo sehemu nyingine iliyonikosesha usingizi. Maofisa wa Kijerumani wanaimba wimbo wao ndani ya baa. Laszlo anawataka wanamuziki wapige wimbo wa taifa wa Ufaransa. Rick anawaruhusu kwa ishara ya kichwa. Watu wanasimama na kuimba mpaka sauti za Wajerumani zinamezwa. Baadhi ya waigizaji wale walikuwa wakimbizi kweli kutoka Ulaya. Nakiri kwamba nilisisimka, nikajikuta nikipiga mguu sakafuni kufuata wimbo. Ndipo mwalimu aliponiinamia na kuninong'oneza: "Ndugu, wenye nchi wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Moroko ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu mwaka 1912. Wimbo ule wa uhuru uliimbwa katika nchi iliyonyimwa uhuru na Ufaransa hiyo hiyo. Wamoroko ndani ya picha ni bawabu mlangoni, muuza vitambaa sokoni na wapita njia. Hata ardhi yao haimo, kwani picha ilitengenezwa California. Mtu mweusi mwenye nafasi ni Sam, mpiga piano, aliyeigizwa na Mmarekani Dooley Wilson; na kazi yake kubwa ni kumliwaza tajiri wake. Tena tunaambiwa kwamba mwaka 1935 Rick aliwapelekea silaha Waethiopia, waliokuwa wakivamiwa na Italia. Kumbe watunzi walijua kwamba Mwafrika naye hupigania nchi yake! Walijua, wakataja, wakapita.

Wenye nchi hawakungoja kuandikiwa nafasi. Tarehe 11 Januari 1944, wazalendo wa chama cha Istiqlal walitoa tamko la kudai uhuru. Mwaka 1953 Wafaransa walimpeleka uhamishoni Sultani Mohammed wa Tano. Mwaka 1955 alirejea, na Machi 1956 Moroko ikawa huru.

Je, tuikatae picha hii? La hasha! Kuikataa ni kujinyima somo. Kuimeza nzima nzima ni kasumba. Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi wake picha kama hii na awaulize maswali mawili: nani ameacha nini kwa ajili ya wengine, na nani hakupewa nafasi ya kusema?

Wala maswali hayo tusiwaulize wageni peke yao. Jumatatu asubuhi nilipofika kazini, nilisimama mbele ya bawabu wetu, mzee ambaye nimempita mlangoni kwa miaka miwili, nikaona haya kwamba silijui jina lake. Nilimwamkia, nikamwuliza, akanitajia. Sisi tunaozungumza kila siku habari za haki na usawa, hapana budi tuhakikishe kwamba katika ofisi zetu na shule zetu hakuna mtu aliyegeuzwa kuwa pambo la ukutani. Kupenda haki ya watu wako peke yao bado si kupenda haki.