Mafuta ya Msumeno na Haki ya Jirani



Majuma mawili yaliyopita niliitwa nitazame jambo lililokwisha kuwanunisha wanawake wawili waliokua mtaa mmoja. Mmoja ana msumeno wa mnyororo utumiao umeme. Mwenziwe aliuazima kukatia matawi ya mwarobaini yaliyokuwa yakikwaruza mabati, akaurudisha jioni ile ile. Asubuhi mwenyewe alipofungua stoo alikuta dimbwi la mafuta limetambaa hadi kwenye gunia la mchele. Akasema umeharibiwa, mwenziwe akasema ameurudisha mzima. Tangu siku hiyo wakawa wakipishana ngazini bila ya salamu.

Neno hilo si dogo. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu hapa pwani twayafuata, mwenye kuazima hudhamini kitu kikiharibika mikononi mwake, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Kwa hiyo kabla ya kusema nani alipe, ilibidi kwanza ijulikane kama kuna kilichoharibika.

Niliomba waya utolewe kwenye soketi kabla ya mtu yeyote kugusa mnyororo. Msumeno wa umeme hauna petroli wala mafuta ya injini. Mafuta yaliyomo ni ya kulainisha mnyororo tu: hukaa katika tangi dogo, na mota inapozunguka, pampu huyasukuma hadi kwenye mfereji wa bapa la chuma ambalo mnyororo hulizunguka. Mota ikizimwa, mafuta yaliyobaki mferejini huendelea kudondoka kidogo kidogo. Hiyo ni tabia ya chombo, wala si ugonjwa.

Lakini dimbwi lile lilizidi tabia. Tulipofungua kifuniko cha ubavuni tukakuta vumbi la mbao limeshindiliwa, limelowa mafuta kama sifongo. Hilo peke yake laweza kutoa matone usiku kucha. Kisha nikauliza tangi lilikuwa na kiasi gani. Hapo yule aliyeazima akaeleza, kwa haya kidogo, kwamba kwa kushukuru alilijaza pomoni kabla ya kuurudisha. Na mwenyewe, asijue, akaulaza kwa ubavu chini ya paa la mabati. Joto hutanua hewa iliyomo tangini, nayo hewa huyasukuma mafuta nje kupitia upenyo wowote. Tangi lina tundu dogo la kupumulia, na tundu hilo lisizibwe kamwe kwa gundi, kwani pampu itashindwa kuvuta na mnyororo utakata mkavu hadi uungue.

Hata hivyo sikutaka kuhukumu kwa kudhani. Tulisafisha vumbi kwa brashi kuukuu, tukafuta chombo chote, tukatia mafuta nusu ya tangi na kukiacha wima juu ya karatasi nyeupe hadi asubuhi. Doa likionekana chini ya kifuniko cha tangi, tazama pete yake ya mpira: imechafuka, imekauka, au imekaa upande. Likiwa chini ya tangi lenyewe, huenda pana ufa au mpira wa ndani umepasuka, na hapo ni kazi ya fundi. Asubuhi tulikuta doa moja tu, dogo, chini ya bapa. Msumeno ulikuwa mzima.

Mwenyewe aliliangalia doa lile kwa muda, kisha akamtuma mtoto akamwite mwenziwe.

Wakati wanazungumza sisi wengine tulishughulikia sakafu. Msimwage maji kwanza, yatayatandaza mafuta na mtoto atateleza. Mwagieni majivu, mchanga mkavu au vumbi la mbao, liache linywe, lizoe, ndipo sabuni na maji moto. Nguo iliyoingia mafuta haya haikuwa najisi, imechafuka tu. Lakini mafuta mazito yaliyoganda mkononi na kuzuia maji yasifike kwenye ngozi yaondolewe kabla ya kutia udhu.

Mmoja aliuliza kama yafaa kutumia mafuta ya kupikia yaliyobaki. Yakikaa majuma kadhaa bila ya kutumiwa huwa kama gundi na kuziba pampu. Mafuta machafu yaliyomwagwa kwenye gari ni mabaya zaidi: yana chembe za chuma, na huruka pamoja na vumbi hadi usoni mwa anayekata.

Msumeno sasa unahifadhiwa tangi likiwa tupu, umesimama ndani ya sinia kuukuu lililotandikwa kadibodi. Mchele uliolowa, kama vibaba viwili, ulitupwa. Aliyeazima alitaka kuulipa. Mwenyewe akakataa, akamwambia mwembe wa uani kwake nao wahitaji kupunguzwa matawi, basi waje Jumamosi waifanye kazi pamoja.