Ndege za dawa ziwe na macho na masikio

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa muda wa saa mbili. Ikiwa damu iko mjini na barabara ni matope matupu, daktari wa kijijini hana la kufanya. Ndiyo sababu naziunga mkono ndege zisizokuwa na rubani, maarufu kama droni. Nchini Rwanda zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu Oktoba 2016, na hapa kwetu zimefika eneo la Kisumu.

Lakini anga si ya droni peke yake. Madaktari wa ndege wa AMREF walianza kazi mwaka wa 1957, na hutua hata katika viwanja vidogo vya mashambani. Helikopta inayomfuata majeruhi nayo hushuka chini ya futi 400, kimo kile kile ambacho sheria zetu za 2020 zimewawekea wenye droni. Hapo ndipo zinapoweza kugongana.

Usidhani kwamba droni ni kitu kidogo kisichoweza kudhuru. Mnamo Januari 9, 2025, moto ukiteketeza nyumba mjini Los Angeles, Marekani, droni ya raia iligonga ndege ya wazima moto na kuitoboa bawa. Ndege hiyo ilitua salama, lakini ikaondolewa kazini wakati ilipohitajika mno.

Je, kinga ipo? Ndiyo. Ndege nyingi huwa na chombo kiitwacho transponda, ambacho hutangaza mahali zilipo ili nyingine zijiepushe. Shida ni kwamba si kila ndege ndogo inacho. Kwa hivyo yafaa droni yenyewe iweze kuitambua ndege isiyojitangaza, kwa kutumia rada, kamera au vinasa sauti. Kampuni ya Zipline, ambayo ndiyo inayohudumu Rwanda, imetengeneza droni zinazosikia mngurumo wa ndege ingali mbali, kisha zikabadilisha njia zenyewe. Mnamo Septemba 2023, wasimamizi wa usafiri wa ndege Marekani waliiruhusu kampuni hiyo kurusha droni bila kuweka watu chini wa kuchunga anga.

Maoni yangu ni kwamba droni yoyote ya dawa inayokwenda mbali na macho ya mwendeshaji isiruhusiwe bila kinga ya aina hii. Kaunti zinazotaka huduma hiyo ziulize swali hili kabla ya kutia sahihi. Wapo watakaolalamika kuhusu gharama. Lakini hatumwekei mgonjwa damu isiyopimwa ati kwa sababu kupima ni ghali.

Nawe msomaji mwenye droni ya kupigia picha za harusi, usiirushe penye ajali. Ukisikia helikopta, iteremshe mara moja. Huenda aliyelazwa ndani ni mzazi wako.